Roboti zetu hazipandi rampu walizochapa wanafunzi. Tatizo ni plastiki?

*"Ninafundisha fizikia na TEHAMA Kidato cha Pili katika shule ya sekondari hapa Kigoma, upande wa Ujiji. Mwaka huu tulipewa printa moja ya 3D, rola mbili za plastiki za kilo moja moja, roboti nne ndogo zile za mota mbili za njano, na karatasi ya zoezi: kila kundi libuni rampu, liichape, kisha roboti ipande yenyewe hadi juu ya boksi lenye kimo cha sentimita 10. Nina wanafunzi 68. Makundi matatu yameshachapa. Roboti inafika katikati, magurudumu yanazunguka bure, inarudi nyuma. Tumeongeza kasi, haikusaidia. Vijana wakafunga jiwe juu yake ili ipate uzito, ikawa vilevile. Moja tuliisukuma kidogo ikafika juu, lakini tumbo likakaa kwenye ukingo, ikakwama. Rampu ya kundi la tatu, iliyochapwa kama ubao mwembamba, ilikatika katikati. Zile mbili nzima kila moja ilichukua zaidi ya saa 30, umeme ukikatika tunaanza upya, na plastiki iliyobaki haifiki rola moja. Mkuu wa shule ameanza kusema tuachane na printa, twende kwa seremala. Je, plastiki haifai kwa kazi hii? Au roboti zetu ni dhaifu?"*

Mwalimu, pole na kazi. Nianze na maswali yako mawili ya mwisho kwa sababu majibu yake ni mafupi: plastiki inafaa, na roboti si dhaifu. Ushahidi umeutoa mwenyewe. Umesema magurudumu yanazunguka bure. Mota iliyozidiwa haizungushi gurudumu. Inanguruma, gurudumu linasimama, na ukiiacha hivyo inapata moto. Gurudumu likizunguka huku roboti haisogei, ujue nguvu ipo na kinachokosekana ni mshiko. Ningependa vijana wajue kutofautisha hali hizo mbili kabla hawajagusa kompyuta, maana marekebisho ya moja hayagusi nyingine. Mlipoongeza kasi mliongeza kitu ambacho hakikupungua. Tena raba inayoteleza hushika kidogo kuliko raba inayobiringika bila kuteleza, kwa hiyo kasi kubwa mara nyingi hufanya hali iwe mbaya zaidi.

Jiwe nalo lina maelezo yake, na hapa hata watu wazima hukosea. Ni kweli uzito ukiongezeka magurudumu yanakandamiza rampu zaidi. Lakini uzito huohuo unaivuta roboti iteremke, na unaivuta kwa kiwango kilekile. Ukiongeza maradufu huku, umeongeza maradufu kule. Kinacholeta tofauti ni mahali uzito ulipokaa, na hilo nitalifikia hivi punde.

Kwanza niulize jambo ambalo hukuliuliza: nani alichagua mwinuko wa rampu zenu? Sijaziona, ila naweza kubashiri kwamba zina digrii 25 au karibu na hapo, na kwamba hakuna mwanafunzi aliyekaa akaamua iwe 25. Printa nyingi za aina wanayopewa mashule zina meza ya sentimita 22 kwa 22, na zinachapa hadi kimo cha sentimita 25. Rampu ya kufikia kimo cha sentimita 10, yenye kitako kinachoenea kwenye meza hiyo, haiwezi kuwa na urefu wa chini unaozidi 22. Chukua 21.4, gawanya 10 kwa 21.4, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo. Ni digrii 25. Meza ya printa ndiyo iliyobuni rampu, vijana wakaipaka sura tu. Shida zako karibu zote zimetoka hapo, hata ile ya ubao uliokatika, kama utakavyoona.

Basi roboti yako inaweza kupanda digrii ngapi? Usikisie, na usitafute kwenye karatasi iliyokuja na kasha. Pima. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, ubandike juu yake vile vipande viwili vya rampu iliyokatika, upande laini uwe juu. Hapo rampu iliyovunjika imepata kazi. Zima roboti. Magurudumu mawili yanayoendeshwa na mota yafunge kwa tepu yasizunguke kabisa, na kile kigurudumu kidogo cha kufuata kiache huru. Iweke kwenye plastiki ikitazama juu, mwanafunzi mmoja ainue ncha ya ubao polepole, mwingine ashike rula iliyosimama wima. Roboti itakapoanza kuteleza, soma kimo cha ncha. Kwa ubao wa mita 1, sentimita 30 ni digrii 17 na nusu hivi. Sentimita 42 ndiyo digrii 25. Gurudumu lililofungwa linategemea msuguano uleule unaotegemewa na gurudumu linalopanda, kwa hiyo pembe ya kuteleza ndiyo kikomo cha kupanda. Punguza digrii mbili au tatu kwa ajili ya mshtuko wa kuondoka na vumbi. Na vumbi la kwetu Kigoma ulihesabu kweli: futa magurudumu kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kila jaribio, la sivyo utapata majibu tofauti asubuhi na mchana.

Kisha geuza roboti itazame chini, urudie kipimo. Nadhani utashangaa.

Roboti za aina hii zikipangwa kama wanavyozipanga wengi, magurudumu ya mota yako mbele na kigurudumu huru kiko nyuma. Kwenye sakafu hakuna shida. Kwenye mwinuko, mzigo unahamia upande wa chini, yaani unaondoka kwenye magurudumu yanayofanya kazi na kulalia kigurudumu kisichosukuma chochote. Tuseme roboti ina gramu 600, magurudumu yake ya mbele na nyuma yameachana sentimita 12, kitovu cha uzito kiko sentimita 4 juu ya ardhi, na kwenye sakafu asilimia 60 ya uzito iko kwenye magurudumu ya mota. Ikipanda digrii 17 kwa kutangulia mbele, magurudumu hayo yanabaki na mzigo wa gramu 285 hivi. Ikipanda mwinuko uleule kinyumenyume, yanapata gramu 400. Roboti ni ileile, betri ni zilezile, rampu ni ileile. Kwenye digrii 25 tofauti inakuwa kali zaidi: kwa kutangulia mbele, uwiano wa msuguano wa raba na rampu kwa mzigo unaokandamiza gurudumu ungepaswa kuzidi 1, jambo ambalo raba ndogo juu ya plastiki laini haiwezi kukupa; kwa kupanda kinyumenyume, 0.62 inatosha. Hiyo unaweza kuipata ukiongeza mshiko kidogo.

Kwa hiyo jaribio la bei rahisi kuliko yote ni kubadilisha mistari miwili ya programu ili roboti ipande kinyumenyume. Ningekushauri usiwaambie vijana. Waache wapime pande zote mbili za ubao, waone wenyewe namba zinavyoachana, kisha nyamaza uone nani atanyanyua mkono. Baada ya hapo ndipo suala la jiwe linarudi: lisiwekwe katikati juu, liwekwe karibu na ekseli ya mota na chini iwezekanavyo. Betri ndilo jiwe bora, maana tayari mmelibeba. Mkilisogeza kupita ekseli hiyo kuelekea upande wa chini wa mwinuko, au juu mno, roboti itapinduka chali, na hilo nalo ni somo zuri la kitovu cha uzito, ilimradi mtu awe ameweka mkono tayari kuidaka.

Kuhusu mshiko wenyewe, hauhitaji kununua chochote. Tyubu ya baiskeli iliyotoboka, ikikatwa vipande vyembamba na kubandikwa kukingama njia ya gurudumu, inafanya kazi nzuri. Msasa pia, ingawa unakula raba. Aliyewahi kuingia kwenye boti pale Kibirizi kwa ubao uliopigiliwa vijiti vya kukingama anajua kwa nini vijiti vile vipo, na anajua pia kwamba vikiachana mno mguu unaanguka katikati yake. Wanafunzi wanaweza kuchapa vijiti hivyo kama sehemu ya rampu na kubadilisha nafasi kati yake hadi wapate inayolingana na gurudumu lao. Hilo ni swali la uhandisi hasa, na linachapwa kwa kipande cha sentimita tano tu.

Sasa ile iliyokwama tumbo. Ukingo wa juu wa rampu ni kona, na roboti inapovuka kona hiyo magurudumu ya mbele yapo kwenye boksi, ya nyuma yapo kwenye mteremko, tumbo liko juu ya ncha. Gawanya kimo cha tumbo kutoka ardhini kwa nusu ya umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo, zidisha kwa mbili. Tumbo likiwa sentimita 1.2 na magurudumu yameachana sentimita 12, unapata digrii 22.6. Kona yenu ya digrii 25 imezidi kikomo hicho kwa digrii mbili na ushee, basi ikakwama. Ama mpunguze mwinuko, ama kona ifanywe mkunjo wa polepole. Mkunjo kama huo unamsumbua seremala mwenye msumeno wa mkono, ilhali kwa printa si kitu. Kumbuka hoja hii utakapoongea na mkuu wa shule.

Rampu iliyokatika nadhani naielewa bila kuiona. Ubao wa mwinuko wa digrii 25 unaofika kimo cha sentimita 10 una urefu wa sentimita 23.6. Meza ni 22. Haukulala, kimo cha printa ni 25, wakausimamisha wima. Printa hizi hujenga kwa tabaka, kila moja kwa kawaida unene wa milimita 0.2, plastiki ya moto ikimwagwa juu ya tabaka ambalo limeshapoa. Tabaka hushikana na lililo chini yake kwa joto hilo tu, kwa hiyo kati ya tabaka na tabaka ndipo penye udhaifu. Ubao uliochapwa wima una mamia ya mistari hiyo ikiukata kwa upana, na roboti ikikanyaga katikati, uzito unaifungua. Uleule ukichapwa ukiwa umelala, nyuzi za plastiki zinapita ndani ya tabaka, na huo mpindo hauwi tatizo kubwa. Wachape vipande viwili vilivyolala, viwe na mbavu chini, na mguu wa kushikilia katikati.

Nije kwenye saa 30 na plastiki inayokwisha. Rampu ya umbo la kabari yenye upana wa sentimita 16 ina ujazo wa sentimita za ujazo zipatazo 1,700. Hata programu ikiweka ndani wavu wa asilimia 15 badala ya kujaza, kuta na wavu pamoja zinazidi gramu 400. Karibu nusu rola, ili kujaza hewa chini ya njia ambayo roboti inaigusa kwa mistari michache tu! Huo si uhandisi, Mwalimu, na sikulaumu, kwa sababu karatasi nyingi za mazoezi haya zimeandikwa kwa madarasa yenye printa kadhaa na wanafunzi ishirini. Wewe una printa moja na wanafunzi 68.

Ningefanya hivi. Njia ya juu, anakopita roboti, iwe katoni ngumu au plaiwudi nyembamba. Printa ichape vile ambavyo katoni haiwezi: miguu yenye vimo tofauti, viungo vya kushika pembe kamili, mkunjo wa ukingo wa juu, vijiti vya mshiko. Kikomo kikiwa digrii 17 na nusu na mkachagua 15 kwa usalama, urefu wa chini unakuwa sentimita 37, ambao haukai kwenye meza kwa namna yoyote. Vizuri. Hapo lazima wafikirie kiungo, na kiungo ndicho kinachoumiza kichwa katika kazi halisi. Gawa makundi 17 ya wanne wanne. Kila kundi kwanza litengeneze rampu ya katoni na kuandika ubashiri: itapanda au haitapanda, na itashindwa wapi. Likishafaulu kwa katoni lipate haki ya kuchapa kipande kimoja kisichozidi gramu 25. Makundi yote 17 yatatumia gramu 425, yaani plastiki ya ile rampu moja nzima. Alama nyingi zaidi nisingempa aliyepanda juu. Ningempa ambaye ubashiri wake ulikaribia kilichotokea, pamoja na aliyebadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja kisha akaandika alichokiona.

Vipande vya aina hiyo vingi huisha ndani ya saa mbili, na umeme ukikatika umepoteza saa moja, si siku. Baadhi ya printa zina uwezo wa kuendelea pale zilipoishia, lakini meza ikipoa kipande hubanduka, kwa hiyo usiutegemee sana. Kinachokula umeme mwingi ni joto la meza. Plastiki ya PLA, ambayo nadhani ndiyo mliyopewa, hushika hata kwenye meza baridi ukiitandikia tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Kwa vipande vidogo jaribu hivyo kama mna betri ya akiba au sola. PLA hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, basi rampu isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Masika rola ifungwe kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Plastiki iliyonyonya maji hutoa mlio wa kupasukapasuka inapoyeyuka, na kazi hutoka na manyoya.

Kwa ubunifu wa kompyuta, Tinkercad ni rahisi kwa mwanzo lakini inataka intaneti muda wote. OpenSCAD haihitaji, ni nyepesi, na umbo linaandikwa kwa namba. Kwa darasa lako naipenda zaidi: kijana akibadilisha pembe kutoka 15 hadi 18, umbo lote linafuata.

Mkuu wa shule, kwa maoni yangu, ana nusu ya haki. Seremala atakupa rampu nzuri kwa mchana mmoja, kubwa kuliko printa yoyote ya shule, na kama lengo ni roboti kufika juu, ameshinda. Ila wanafunzi watakuwa watazamaji, na rampu ikikosewa hakuna atakayemwomba fundi arudie mara nne. Printa inakupa kurudia, ilimradi kinachorudiwa ni kidogo. Mbao na printa vinaweza kukaa meza moja. Ningemwambia hivyohivyo, nikiwa na hesabu ya gramu mkononi.

Kuna jambo moja la pembeni. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi kwa rampu ya kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, chini kidogo ya digrii 5. Kwa boksi lenu la sentimita 10 hiyo ni mita 1.2. Wape wapime kizingiti cha darasa lao wenyewe na wapige hesabu ya urefu unaotakiwa. Wakitaka kuijenga kweli, hapo isiwe kazi ya katoni wala ya PLA: muite fundi mwashi, na mhandisi wa halmashauri aione kabla mtu hajaipanda.

Kuna mambo matatu ambayo usiyatatue kwa kusoma majibu kama haya. Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa. Itoeni nje ya darasa, mbali na vitu vinavyoshika moto, mtafute fundi wa elektroniki awaelekeze. Pua ya printa, pale inapotokea plastiki ya moto, ikiendelea kupanda joto kupita mlilolipanga (PLA ni kati ya nyuzi joto 190 na 220), zima ukutani, si kwenye kitufe, na isiwashwe hadi waya za joto zikaguliwe. Na soketi ikiwa imeungua rangi au inatoa harufu, mwite fundi umeme aliyesomea; walimu wa umeme wa chuo cha ufundi stadi, VETA, hapo Kigoma ni pa kuanzia pazuri, na wakija waombe waone pia kama nyaya za chumba hicho zinastahimili printa kuwaka mchana kutwa. Printa isiachwe ikichapa usiku bila mtu.

Mkishapima, niandikie namba tatu: kimo cha ncha ya ubao roboti ikitazama juu, kimo chake ikitazama chini, na kimo cha tumbo kutoka ardhini. Kwa hizo nitaweza kukuambia kama kona ya juu inahitaji mkunjo au mwinuko mpya peke yake utatosha, kabla hamjagusa plastiki iliyobaki.